Jani la Isale Kwenye Swichi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kipaimara, na vilikuwa vimenibana mpaka natembea kama jogoo aliyekanyaga makaa. Nilitoka nyumbani Machame alfajiri, nikashuka kwa miguu mpaka Kwa Sadala, pale nikapata lori la ndizi lililonifikisha mjini Moshi. Saa mbili kasoro nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana ya majokofu na viyoyozi, cheti cha ufundi nimekikunja mfukoni. Fomeni wetu alikuwa mzee mfupi, grisi imempanda mpaka kwenye nyusi. Cheti hakukiangalia. Alininyooshea nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, akaniuliza, "Kijana, umeme una rangi gani?"

"Mwekundu, mzee."

"Basi umeshakufa. Nendeni mkamwambie mama yake." Karakana nzima ikaangua kicheko. Aliponyamazisha watu akanisogelea. "Umeme hauna rangi. Waya ndio una rangi, na aliyeufunga humjui. Huenda alikuwa amelewa, huenda alikuwa na haraka ya kuwahi msibani. Kwa hiyo sisi hatuangalii. Tunapima."

Akanipa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaniambia nisimwoneshe uso wangu bila testa mfukoni. Ninyi vijana wa karakana mtakaosoma haya mna mita za kidijitali zinazosoma kila kitu, na bado nawaona mnagusa waya kwa mgongo wa kidole eti mnasikilizia. Ebo! Umeme unasikilizwa?

Aliyenicheka kuliko wote siku ile ni Hamisi. Tulikuwa rika. Yeye alizaliwa Soweto, hapa hapa mjini. Baba yake alikuja na reli kutoka Tanga akaoa, akabaki. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na vidole vyake viliweza kuingia mahali ambapo spana haiingii. Tangu siku hiyo akaniita Mangi, yaani chifu, kwa kuwa mjini kila Mchaga ni Mangi hata kama kwao hana ng'ombe wa kukamua. Nami nikamwita Shehe, ingawa hata Ijumaa ilikuwa inamponyoka. Fomeni akatufunga pamoja kama mafahali wa jembe, na tulifanya kazi hivyo kwa miaka mingi.

Wakati ule viyoyozi vilikuwa vya dirishani, boksi moja zito linalotoboa ukuta. Baadaye ndipo vikaja hivi vya vipande viwili. Kipande cha ndani kinaning'inia ukutani na kupuliza baridi, kipande cha nje kinakaa nyuma ya jengo, na kati yao zinapita bomba za shaba zinazobeba gesi. Watu husifu kile cha ndani kwa sababu ndicho wanachokiona. Kazi yenyewe iko nje. Huko ndiko iliko kompresa inayosukuma gesi, huko kuna kondensa, yale mapezi membamba ya bati yanayotupa joto, na huko kuna feni. Tena hapa Moshi kipande cha nje kinapata taabu. Kuna vumbi la kiangazi, na wakichoma miwa kule tambarare, masizi meusi yanapanda mpaka mjini na kulala kwenye mapezi kama blanketi. Mwenye ofisi anapiga simu kwamba gesi imeisha. Gesi haijaisha, mashine inakosa pumzi tu.

Kuisafisha si kazi ngumu. Kinachoua ni kuizoea. Kuzima kwa rimoti si kuzima, hiyo ni sawa na kumfumba macho mbwa ukadhani hana meno. Unazima breka yake, ile swichi kuu kwenye ubao wa umeme, na kama kuna swichi nyingine karibu na mashine, nayo unazima. Halafu unapima. Ukifungua kifuniko unakutana na kapasita, kikopo kidogo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza. Kikopo hicho hubaki na umeme hata baada ya kuzima, kama ng'ombe aliyebana maziwa ukadhani umemaliza kumkamua. Hakiguswi mpaka kimekaa dakika kadhaa, kimetolewa umeme kwa rezista yenye mpini wa plastiki, na kimepimwa tena. Ile mbinu ya kukigonga kwa bisibisi mpaka kitoe cheche ni ya kuonesha wasichana, na wasichana wenyewe hawashangai.

Kisha kuna jambo moja ambalo naomba mlishike. Mashine hizi, umeme ukirudi, haziamki hapo hapo. Husubiri dakika tatu hivi, gesi itulie ndani ya bomba, ndipo feni na kompresa zianze. Kwa hiyo mtu anaweza kuwasha breka kule ndani, wewe huku nje usisikie chochote, ukaendelea kuimba na brashi yako. Nitarudi kwenye dakika hizo tatu.

Baada ya karakana, Meneja wa Ufundi alitutuma hospitali moja huko juu mlimani, mimi na Hamisi, tuangalie majokofu ya dawa na AC za maabara. Meneja huyo alikuwa mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, mwenye kupenda neno "utaratibu". Utaratibu wake ulikuwa karatasi iliyoandikwa USIWASHE, MAFUNDI WAPO KAZINI, tuibandike kwenye swichi. Loh! Wiki ya kwanza muuguzi aliibandua akaandikia dozi nyuma yake. Wiki ya pili ilipotea, tukaambiwa jikoni wameiwashia moto. Mlinzi wa hospitali naye alikuwa ameweka ungo wa kahawa mbele ya kipande cha nje ili upepo wa joto umkaushie buni zake, na tukizima mashine analalamika, anaiwasha mwenyewe. Mara mbili Hamisi aliruka chini kutoka kwenye ngazi akiita jina la Mungu.

Ni mama mmoja wa dobi aliyetuokoa. Alituona tunagombana na mlinzi, akaniambia, "Baba, wewe si mtoto wa Machame? Kwa nini usiweke isale?"

Kwa msomaji asiye wa mlimani, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, hauna makuu. Tunaupanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na palipopandwa isale hakuna anayesogeza mpaka. Tena ukimkosea mtu, unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa isale, hata kama umemuua ng'ombe wake, inambidi akusikilize na akusamehe. Kukataa isale ni kujitafutia balaa, ndivyo tulivyofunzwa.

Basi nikakata jani, nikalifunga fundo kwenye swichi. Aisee! Hakuna aliyegusa. Muuguzi alizunguka mbali. Mlinzi alihamisha ungo wake bila kuambiwa. Meneja alipokuja kukagua akaliona, akavua miwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Jani hili linatiiwa kuliko saini yangu," akasema. Kuanzia hapo nikawa natembea na majani ya isale ndani ya boksi la zana, nimeyaviringa kwenye gazeti bichi. Nilijiona mvumbuzi, na kiburi kilinipanda kweli.

Hamisi pekee hakufurahi. "Mangi, jani linang'olewa," aliniambia tukiwa tunakunywa chai. "Tununue kufuli. Breka inafungwa kwa kufuli, ufunguo anakaa nao aliyepanda ngazi. Mpaka yeye ashuke."

"Kufuli la nini? Huku isale ndilo kufuli."

"Huku. Na tukishuka mjini?"

"Mjini nani asiyejua isale?"

"Mimi nalijua kwa kuwa nimekulia Moshi. Duniani watu ni wengi, Mangi."

Nikamcheka. Nikamwambia watu wa reli hawana mila, ndiyo maana wanapenda vyuma. Naye akacheka, hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Ningemsikiliza siku ile, nisingekuwa na cha kuandika leo zaidi ya mapezi na masizi.

Tulirudishwa mjini. Meneja akaniita pembeni akaniambia Fomeni anakaribia kustaafu, na jina langu lilikuwa mezani. "Usichafue rekodi yako," akasema. Nilikuwa na watoto wawili na nyumba isiyo na dari. Maneno yale yalinikaa kichwani kuliko sala.

Jumatatu moja, siku iliyofuata Jumapili ya Mitende, tulitumwa kusafisha AC kubwa ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Jua la kabla ya masika lilikuwa linachoma. Wafanyakazi wa pale walikuwa wamepamba mapokezi kwa makuti ya ibada, yamechomekwa hadi kwenye ubao wa umeme uliokuwa kwenye korido. Hamisi alizima breka, akapima, akazima na swichi ya nje, akapima tena. Hakuacha hata hatua moja, nilikuwa nimesimama naye. Kule nyuma tukaona ile swichi ya nje imeoza kwa kutu na haishiki vizuri, inaruka yenyewe, kwa hiyo ikabaki breka ya ndani peke yake. Tukarudi koridoni, nikafunga isale langu pale kwenye breka.

Hamisi akaangalia jani, akaangalia yale makuti, akasita. "Mangi, hapa pamejaa majani."

"Panda tu, Shehe," nikamwambia. "Mimi nasimama hapa hapa kwenye swichi. Sitoki."

Akaenda kupanda ngazi.

Nilisimama. Labda robo saa nilisimama. Kisha nikasikia harufu ya chapati kutoka kwa mama lishe ng'ambo ya barabara, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikaangalia isale langu, nikaliona limekaa imara. Nikajisemea, jani lipo, nani ataligusa? Nikavuka barabara kunywa chai.

Nilipokuwa kwenye chai, mkuu wa ofisi ile alitangaza kuna wageni wanakuja, korido isafishwe, majani yote yatolewe. Dada wa usafi alikuwa na wiki mbili tu kazini, mgeni kutoka Lindi. Alitoa majani yote kama alivyoagizwa, makuti na isale, akatia kwenye pipa. Kisha mkuu akasikia joto, akamwambia awashe AC. Akaipandisha breka. Hakufanya kosa lolote yule dada, na namwombea kila ninapomkumbuka.

Dakika tatu. Nilikuwa napuliza chai ipoe.

Hamisi alikuwa ameshatoa wavu wa mbele, mkono wa kulia ndani, anakwangua masizi kwenye mapanga ya feni. Zile mashine za zamani mapanga yake yalikuwa ya chuma. Nilisikia ukelele wake nikiwa ng'ambo ya barabara, na kikombe kikaniponyoka. Nilipofika nyuma ya jengo alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, fulana imelowa. Hakulia. Aliniangalia akauliza, "Ulikuwa wapi?"

Nilimfunga mkono kwa shati langu tukakimbia hospitali. Vidole vitatu havikupona.

Keshokutwa yake Meneja aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi ameshaipiga chapa. Ilisema kwamba fundi Hamisi alianza kazi bila kuhakikisha umeme umezimwa, na kwamba ajali imetokana na uzembe wake mwenyewe. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Mzee, Hamisi alizima," nikasema. "Nilimwona."

"Alizima, halafu?" Meneja akavua miwani. "Ukisema alizima, nitauliza nani alikuwa analinda swichi. Nikiuliza, nitaandika. Nikiandika, ufomeni anapewa mtu mwingine. Mimi sikulazimishi. Kalamu hiyo hapo."

Akanipa mojawapo ya kalamu zake tatu. Nikasaini. Haki ya Mungu, nilisaini, na mkono haukutetemeka. Nimeungoja utetemeke miaka yote hii.

Hamisi hakurudi kazini. Alifungua kibanda cha vifaa vya umeme kule Soweto, anauza balbu, nyaya na soketi. Nikawa Fomeni. Wiki ya kwanza ya cheo nilinunua kufuli kwa kila fundi, kufuli moja, ufunguo mmoja, unakaa mfukoni mwa aliyepanda ngazi. Nikapiga marufuku isale kwenye swichi. Nilikuwa mkali kama pilipili. Nimefukuza kijana kwa kusahau kupima. Waliniita Mzee Kufuli nyuma ya mgongo, walidhani sijui. Wengine walisema Fomeni ana roho mbaya, wengine walisema ana roho ya huruma. Hakuna aliyejua kwamba kila breka niliyofunga nilikuwa namfungia Hamisi, kwa kuchelewa.

Kibanda chake nilikipita mara nyingi. Nikikaribia navuka barabara. Tukikutana sokoni ananipungia ule mkono wenye vidole viwili, "Mangi, habari za mlimani?" nami najibu njema, naharakisha kana kwamba nimeacha maziwa jikoni. Angenitukana ningepumua. Hakunitukana.

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi. Mkurugenzi, kijana mdogo ambaye hakuwepo enzi zetu, alisimama akasema kwamba miaka yote chini ya uongozi wa mzee huyu hakuna fundi aliyeumia. Watu wakapiga makofi, mke wangu akapiga vigelegele. Akasema katika faili zima ajali ni moja tu, ya kabla yangu, nayo ilikuwa uzembe wa fundi mwenyewe. Nikarudisha kipande cha nyama sahanini. Wakaninyooshea zawadi, nikaipokea kwa mikono miwili yenye vidole vyote kumi.

Usiku huo sikulala vizuri, na kulipokucha nilikwenda mpakani mwa kihamba, mahali babu alipopanda masale. Nikakata jani moja, nikalifunga fundo. Nilijua linavyokwenda kwetu: ukipeleka isale, unasamehewa. Lakini Hamisi si wa kwetu. Hafungwi na jani langu. Angeweza kulitupa kwenye pipa kama lile la kwanza, na angekuwa na haki.

Nilimkuta kibandani anafunga balbu kwenye gazeti, kwa mkono wa kushoto, upesi kuliko mimi kwa miwili. Ndevu zimekuwa nyeupe. Aliliona jani kabla hajaniona usoni.

"Karibu, Mangi," akasema. "Kaa kwenye hilo kreti."

Sikukaa. Nilimwambia yote nimesimama. Chai, chapati, karatasi, kalamu. Nilimwambia kwamba nilisaini uongo ili nipate cheo, na kwamba nilipata. Nikalia mbele ya wateja wake kama mtoto aliyepotea mnadani. Hamisi alimuuzia mama mmoja soketi, akarudisha chenji, kisha akanigeukia.

"Ile karatasi niliisoma," akasema. "Walinipa nakala nikiwa bado wodini."

"Ulijua? Miaka yote?"

"Nilijua. Nikasema, Mangi atakuja. Leo au kesho. Mke wangu aliniambia hutakuja, nikambishia. Alifariki tunabishana hivyo hivyo."

Nikamwambia sikustahili kungojwa hivyo, maana jani langu lilishamdanganya mara moja.

Akatikisa kichwa. "Jani lako sikuliamini hata siku moja, wewe unajua. Nilikuamini wewe. Ulisema hutoki."

Aliunyoosha mkono wa kulia, ule wa vidole viwili, akalichukua isale kwa kulibana, akaliweka juu ya rafu kati ya balbu.

"Hili nimelipokea, nimekusamehe," akasema. "Sasa niambie, wale vijana wako wanasomaje lile faili? Mimi ni nani humo? Si yule mzembe asiyezima umeme? Wajukuu zangu wawili wamesomea ufundi, Mangi. Mmoja ameomba kazi pale pale kwenu."

Nimewahi kuulizwa mengi na wakubwa wa kazi, lakini swali lile lilinitoa jasho.

"Nifanye nini, Shehe?"

"Hukunikosea kwa jani, ulinikosea kwa kalamu. Nenda kaandike."

Kwa hiyo vijana wangu, haya yote ya kapasita na mapezi na dakika tatu nimeyaandika kwa moyo, yatawafaa, yashikeni. Pimeni. Fungeni breka kwa kufuli lenu wenyewe na ufunguo msimwachie mtu, hata rafiki, hata mimi. Lakini niliketi kuandika kwa sababu ya maneno machache tu, na nakala ya kwanza nimeipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi aiweke kwenye lile faili, juu ya ile karatasi ya zamani. Maneno yenyewe ni haya.

Fundi Hamisi alizima breka, akapima, akazima tena, akapima tena. Hakuacha hatua hata moja. Aliyeahidi kulinda swichi ni mimi, na mimi ndiye niliyeondoka. Nimesaini: Anaeli, fundi mstaafu, shahidi.